Makaburi ya Bandia Mbele ya Nyumba Yetu

Jumapili, 13 Oktoba

Wendell amerudi nyumbani. Kitanda cha hospitali kimewekwa sebuleni, kochi limehamia gereji. Daktari kasema hakuna dawa nyingine ya kujaribu, ini limekwisha. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia.

Jambo la kwanza mume wangu aliloniuliza baada ya kulazwa hapo sebuleni: "Karla, mbona mbele ya nyumba hakuna kitu? Halowini ni mwezi huu!" Usiku wa Halowini watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kugonga milango wakiomba pipi, na nyumba hupambwa za kutisha; kila mwaka Wendell hutengeneza mapambo mwenyewe — mizuka ya mashuka, popo wa kadibodi, mawe ya makaburi ya povu gumu, lile la kufungashia televisheni, yenye maneno ya kuchekesha. Watu huja kutoka ng'ambo ya mto kuyaona. Mimi kazi yangu kushona mavazi tu. Nikamwambia mwaka huu tupumzike.

"Pumzikeni nyie. Mimi mapumziko yangu yanakuja."

Mungu wangu!

Jumatano, 16 Oktoba

Amri zinatoka kitandani. Kata hapa. Paka kijivu, halafu gusagusa nyeusi kwa sponji, halafu nyunyiza maji — ndipo jiwe lionekane la kale. Chembe za povu zimo kwenye nywele, zimo kwenye kahawa. Nimeunguza kidole kwa gundi ya moto. Wendell alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikaogopa.

Manne tayari. Nimekaa jikoni nikayatazama. Mume wangu yuko vile, nami natengeneza makaburi!

Jumamosi, 19 Oktoba

Binti yetu Greta anataka vazi la mifupa. Miaka saba, wenzake wote malkia na paka — yeye mifupa. "Sote, Mama. Familia nzima!"

"Mimi tayari," Wendell kasema. "Shoneni yenu."

Greta akacheka. Mimi nikaenda kufungulia bomba la maji jikoni, nisisikike.

Jioni nikawa nachora mbavu kwa rangi nyeupe kwenye pajama nyeusi ya Greta. Kasema nimekosea, haziko hivyo. Akaenda kupandisha fulana ya baba yake, akazigusa mbavu moja moja kwa kidole, taratibu. "Ona, Mama, zinainama kwenda chini." Kweli zinainama. Wendell alimwacha, macho kafumba. Nimefuta, nimechora upya. Sasa ziko sawa.

Jumatatu, 21 Oktoba

Lorraine, mama yake Wendell, kaja na sufuria ya supu. Kaona makaburi mbele ya nyumba, hata ndani hakuingia. Nilimwona dirishani — anayang'oa, koti linapepea, anayarundika kando ya pipa la taka. Nikatoka na soksi miguuni.

Kasema sina haya. Mwanangu anakufa humo ndani, wewe unampambia makaburi! Nikamwambia basi kamuulize mwenyewe. Kasema mgonjwa haulizwi, mgonjwa hajui anachotaka. Tukafokeana mpaka jirani akachungulia. Akaondoka na supu yake.

Simchukii. Leo namchukia kidogo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nesi Pauline sasa anakuja kila siku. Kaongeza mofini, dawa ya maumivu. Wendell analala, anaamka, anabishana na wenzake wa kazi kiwandani ambao hawapo. Mchana akili ikamrudia, safi kabisa. Kaomba kaburi moja zaidi. Lenye jina lake.

Nimekataa.

"Karla, lile la kweli mtachagua wewe na Mama, mtaandika mistari ya kanisani. Hili langu."

Nikamwambia, na Greta je, akiliona?

"Greta anajua. Anayejifanya hajui ni wewe."

Nilikata povu mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumapili, 27 Oktoba

Limekauka. Nimelisimamisha karibu na ngazi.

HAPA YUPO WENDELL HAUGEN. PIPI MOJA TU KWA KILA MTOTO. NAWAONA.

Lorraine kapita akitoka kanisani. Nikajua leo patachimbika. Alisimama mbele ya kaburi hilo, mkoba kaubana kifuani. Halafu kasema herufi ya mwisho imekwenda upande.

Akaingia, akakaa pembeni mwa kitanda, akamwambia mwanawe kwamba tangu utoto yeye ni mpumbavu. Wendell kasema, "Na tangu utoto Mama unacheka." Kweli alikuwa anacheka. Machozi yanamchuruzika mpaka kwenye kola.

Baadaye alitoka, akayaokota yale mengine kando ya pipa, akayasimika mwenyewe. Hakunitazama.

Jumanne, 29 Oktoba

Hanywi tena. Namlowesha midomo kwa sponji.

Vazi langu la mifupa nimelimaliza. Sikulijaribu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Theluji nyepesi tangu asubuhi. Pauline alimsikiliza kifua, kisha akaniita koridoni. Ni leo, dada, kasema. Nikauliza mtoto nimfanyeje. Akitaka kukaa, akae. Akitaka kwenda na wenzake, aende.

Greta hataki kwenda kugonga milango. Kavaa mifupa yake, kapanda kitandani, kalala ubavuni mwa baba yake. Nami nimevaa. Nilimwahidi Wendell. Rangi ya uso inawasha. Pauline kaniambia nimependeza, halafu kageukia dirishani.

Lorraine yuko mlangoni na bakuli la pipi. Kengele haitulii! Nasikia watoto wanasoma lile kaburi, wanacheka. Mmoja kauliza, kwani kweli yupo? Lorraine kamjibu: Yupo. Chukua moja.

Pumzi zimebadilika. Moja — kimya — halafu nyingine, nzito, kama anainyanyua kutoka sakafuni. Greta kauliza Baba amelala? Nikasema labda anatusikia. Basi akaanza kumsimulia, shingo kainyoosha dirishani. Huyu simbamarara, Baba. Huyu bi harusi, kavaa koti juu ya shela. Huyu pakiti ya maziwa!

Lorraine kasimama mlango wa sebule. Bakuli tupu.

"Nizime taa ya nje?"

Taa ikizimwa watoto hupita moja kwa moja, hawagongi.

Nimemwambia asizime. Kabatini kuna biskuti, kuna zabibu kavu — awape hizo, awape chochote.

Wengine wanapanda ngazi. Viatu vinakung'utwa theluji. Greta kashika mkono wa baba yake, anasema na huyu sasa ni —

Wendell kavuta pumzi. Nangoja nyingine.