Mfaransa Wetu Hakurudi kwa Mumewe

Maskati

Dada yangu mpenzi Zuwena,

Kabla ya yote niambie mama ameamkaje. Kifua kimemwachia? Anakula? Sisi huku wazima wa mwili, alhamdulillahi. Ya moyo utayasoma.

Da Zuwena, ulimi umeniponza. Unajua mji huu hauna sinema. Mwaka wa tatu huu tangu tuhame Unguja, nami nimetoka nje ya lango la mji mara mbili tu, zote kwa mazishi. Kutwa tumo ndani: mimi, wifi zangu wawili na mavyaa wangu, mama yake mume wangu Nassor, ambaye maisha yake yote Pemba hakutia mguu sinema. Basi alasiri, kahawa ikishaiva, huwasimulia picha za sinema za Mfaransa wetu, yule mwigizaji tuliyekuwa tukimwendea kwenye onyesho la wanawake kila Jumapili. Alianza kwa kucheza mwanafunzi, nasi tungali wasichana wa skuli. Tumekua naye, na sasa tunazeeka naye. Picha za zamani nazitoa kichwani; mpya nazitoa kwenye barua zako.

Lakini mavyaa hashiki kwamba ni picha mbalimbali. Kwake ni mwanamke mmoja na maisha yake.

"Huyu si alikufa kwa kifua mwezi uliopita?" huniuliza. "Leo anaolewa tena? Haya, endelea."

Nami nilikuwa nikicheka!

Nassor alipokubali nije Mombasa kumuuguza mama, alisema limebaki neno la mamake. Alasiri ile, kwa furaha, bila ya kufikiri, nikasimulia ile picha ambayo Mfaransa anamuaga mumewe, anakwenda kumtazama mamake, anapanda treni, asirudi. Mavyaa akaweka kikombe chini.

"Hakurudi kabisa?"

"Hakurudi, mama."

"Mimi nnamjua huyu. Nimemsikiliza miaka mitatu. Basi na wewe huendi."

Nimelia. Nimeapa kwamba yule hulipwa kwa kuigiza. Nassor hamvunji mamake neno. Nimechoka na kuta hizi, dada, na naogopa mama atanitoka nami nimo humu.

Tumaini ni moja. Uliniandikia kwamba Mfaransa sasa ana mvi, anacheza mama mgonjwa anayemngoja bintiye. Nimemsimulia mavyaa nusu, akafuta macho. "Bintiye akaja?" Nikamwambia mwisho wake anao dada yangu.

Barua hii anakuletea mkononi Bi Zamzam, jirani yetu. Jibu lako litakuja kwa posta, na Nassor atalisoma kwa sauti mbele ya mamake, kama kawaida yake. Sijui picha ile inaishaje, wala usiniambie. Andika kwamba binti alifika, akamuuguza mamake, kisha akarudi kwa mumewe. Andika na zawadi alizomletea mavyaa wake.

Nisalimie shemeji, watoto, na shangazi anayemkanda mama miguu. Mama umbusu mkono, umwambie nnakuja.

Ile picha ya mama mgonjwa, yeye usimsimulie.

Mdogo wako,
Salma