Friji Mahali pa Mlango

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu mkubwa ameleta mchoro wa jiko. Jiko jipya! Kachora kwa mkono wake mwenyewe. Ofisini kwao kila siku wanachora nyumba za wenye nazo, safari hii kachora la mama yake. Kautandaza mezani, kaweka vikombe kwenye pembe nne usijikunje. Mistari, mistari. Mimi darasa la nne nililoishia hatukufundishwa kusoma nyumba iliyolala chali. Nikauliza tu, milango iko wapi? Akasema mlango ni kale kanusu duara, mama. Nikakaona kanusu duara. Roho ikatulia. Nikasema nzuri, mwanangu, nzuri mno! Akanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka.

Baba yao naye akasema, mama watoto, sasa utapika kama malkia. Kafurahi. Tangu aache udereva wa lori sijamwona Mzee akifurahi hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Fundi kaja. Ana mtindo wake huyu. Hagusi nyundo mpaka kwanza achore jiko zima sakafuni kwa chaki, ukubwa uleule litakavyokuwa. Anasema akina mama wengi humkubalia kwenye karatasi, halafu huja kumlilia kwenye tofali. Basi akapima, akavuta kamba, akachora. Akaniambia, ingia mama, pika.

Nikaingia nacheka. Sinki hapa, naosha sufuria. Meza ya kukatia hapa. Gesi kule. Nikageuka nitoke uani kumwaga maji — fundi akasema, mama, umegonga friji!

Friji ya chaki. Imesimama palepale penye mlango wa nyuma.

Nikauliza, na mlango? Akasema unazibwa kwa tofali, mama, si mlikubaliana? Akanionyesha kwenye mchoro. Kale kanusu duara ni mlango wa kuingilia sebuleni. Nyuma hakuna kitu. Ukuta.

Nikasema aa, ndiyo, nilisahau. Nikacheka tena. Mikono nimeificha kwenye aproni.

Alhamisi, 6 Machi

Acha niandike, maana kusema sijui kama nitaweza.

Mlango wa mbele uko sebuleni. Na sebuleni yuko Mzee. Miaka thelathini alikuwa barabarani, anakuja siku mbili anapotea wiki tatu. Nyumba na watoto nikavibeba mwenyewe. Sasa yupo. Kiti chake kinatazama mlango. Simsingizii — hanitukani, mkono hajawahi kuninyanyulia. Ananiuliza tu. Unakwenda wapi? Kwa nani? Utachukua muda gani? Simu ina chaji? Nikirudi, mbona umekawia. Dakika kumi! Tangu presha ilipomwangusha mwaka jana anaogopa kubaki peke yake. Namwelewa. Namwelewa mpaka nakosa pumzi.

Basi alasiri, redio yake ikiwa juu, navuta komeo polepole, natokea nyuma. Hatua ishirini, niko kwa shoga yangu mshonaji. Namshonea vifungo viwili vitatu, tunacheka, narudi. Nusu saa. Hakuna baya ninalofanya. Ni nusu saa ambayo hakuna mtu nyumbani anayejua niko wapi, basi.

Leo nimemweleza shoga habari za friji. Akaruka, mwambie binti yako! Nimwambie nini? Kwamba baba yake kanibana? Baba yake anayempenda kama mboni ya jicho? Shoga akafikiri, pini zimemjaa mdomoni. Akasema basi, sema moshi. Moshi hautakuja kukukana.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia binti. Nimesema mwanangu, mlango ukizibwa moshi utatuua. Akasema usijali, nitaweka feni ya kutoa moshi. Nikasema na takataka je? Akasema kutakuwa na ndoo chini ya sinki, unakanyaga hivi, mfuniko unafunguka. Nikasema giza. Akasema naweka dirisha pana! Nikaishiwa. Nikasema na kuku wangu nitawaangalia wapi?

Akasema, mama, huna kuku.

Nikasema nina mpango wa kufuga. Akacheka mpaka akakohoa, mama wewe una vituko! Halafu akasema kwa sauti ya upole, mama, nimewaza usalama wenu. Wezi huingilia nyuma. Hata hilo dirisha nitalitia nondo.

Nondo! Nimepiga simu kuokoa mlango, nimeongezewa nondo. Kila nikilalamika jiko linazidi kupendeza.

Mzee kauliza, ulikuwa unaongea na nani?

Jumanne, 11 Machi

Tofali zimeletwa. Zimepangwa uani, kando ya mlango. Nimepita katikati yake kwenda kwa shoga. Sikukaa. Kifungo kimoja tu, nikarudi. Hakuna aliyeniita. Ila redio ilikuwa kimya. Sijui ilizimwa saa ngapi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo ndiyo leo. Binti kaja kusimamia mwenyewe, kofia ya plastiki kichwani, kalamu sikioni. Nimemwona nikajivunia, kisha nikataka kulia. Fundi keshautoa mlango kwenye bawaba. Umeegemezwa ukutani. Mchanga na saruji keshachanganya, bado vikavu. Kasimama na ndoo. Akasema, jamani, nikishatia maji hapa lazima nijenge, itanigandia. Nianze?

Binti akasema anza.

Nikasema ngoja!

Sikujua kama sauti itatoka. Binti akageuka, ningoje nini mama? Nikasema ngoja tu kidogo. Akauliza, kuku tena? Fundi akacheka. Mimi nikajaribu kucheka, uso ukagoma, machozi yakaja. Basi binti akavua kofia, akanishika mkono. Mama, niambie kweli, huu mlango una nini? Na Mzee palepale, kaegemea ukuta, kanitumbulia macho.

Nikasema naenda chumbani kuchukua leso.

Ndipo nilipo. Nimekaa kitandani naandika kama mwendawazimu. Nasikia koleo la fundi linakwaruza sakafu. Nikisema, namwaibisha Mzee mbele ya mtoto wake, tena mbele ya fundi. Na mtoto nitakuwa nimemtupia kazi yake usoni. Nisiposema, kuanzia leo kila hatua yangu itapita mbele ya kile kiti mpaka mmoja wetu afe. Mungu nisamehe, nimeandika hivyo kweli.

Mzee kaja. Ilibidi nifunike daftari kwa mto. Kasimama kizingitini, hakuingia. Akasema binti amekaa juu ya tofali, hataki kuondoka mpaka apate jibu. Nikasema nakuja. Hakuondoka. Akatazama miguu yake. Akasema, komeo huwa nalisikia, mama watoto. Siku zote nalisikia. Nazima redio nisikie likirudi.

Sikujua macho niyaweke wapi. Nikasema naenda kwa mshonaji tu. Akasema sijakuuliza.

Akakuna kidevu. Halafu akasema, sasa, binti utamwambia wewe au nimwambie mimi?

Akanitazama, akarudi nyuma hatua mbili. Yuko kwenye ujia, kanipa mgongo, anasubiri. Ndiyo maana nimetoa daftari tena, angalau mikono ipate kazi.

Fundi anapiga kelele huko jikoni, nitie maji nisitie?

Mzee kamjibu. Kasema subiri fundi, mke wangu anafikiri.