Kiti Nilichong'oa

Brayo mjukuu wangu,

Huku Njiru tuko salama, nyanya yako amepona kikohozi. Umeuliza kama utoe viti ndiyo gari yako ya mashindano iwe nyepesi.

Mimi nilitoa. Niliweka injini kubwa, nikang'oa kiti cha abiria na mkanda wake. Siku ya kuijaribu, Wafula, kaka ya nyanya yako, alikalia kreti.

"Kwani mimi ni soda?" akacheka.

Kwa kona nikakanyaga breki. Gari ikasimama, Wafula hakusimama.

Magongo yake yalianzia hapo. Nyanya yako nilimdanganya eti mkanda ulikatika. Wafula hajawahi kutoboa siri.

Wacha kiti mahali kiko. Nyanya yako akitoka kanisani leo nitamwambia. Naogopa, Brayo. Nasikia geti ikifunguliwa.

Babu yako