Kamera ya Papa Salumu na Bei Niliyojipandishia

Jumatatu, 3 Juni

Nimefagia studio mara mbili. Hakuna mteja. Kamera yangu imekufa tangu ilipoanguka kutoka kwenye pikipiki, na kila anayepita mlangoni ana simu ya kujipiga picha mwenyewe. Tarehe kumi na tano kuna arusi kubwa hapa Kasongo. Nimeshaikubali. Sina cha kupigia.

Papa Salumu wa Kabambare anauza yake. Macho hayamsaidii tena, anahamia Salamabila kwa mwanawe. Ndiye aliyenifundisha kazi hii.

Siendi mwenyewe. Yeye huniita mutoto wangu. Mtu akikuita mtoto wake, utafungua kinywa gani kupunguza bei? Nimemtuma shemeji Ramazani, mdogo wa mume wangu, dereva wa pikipiki. Asinitaje. Afungue kifuniko cha betri, aangalie kutu. Apige picha ya ukuta mweupe, atafute madoa.

Jumatano, 5 Juni

Ramazani hapatikani. Hakuna rezo, mtandao umekatika. Nimepiga, nimepiga. Ugali umepoa mbele yangu.

Mama Feza, muuza vitenge, anakwenda soko la Kabambare. Nimempa naye maagizo yaleyale: kifuniko, ukuta mweupe, jina langu lisitajwe. Bei ya kuanzia aone mwenyewe. Habari za Ramazani sikumwambia. Haraka haraka haina baraka, mama alikuwa akisema. Mama hakuwa na arusi ya kupiga picha.

Ijumaa, 7 Juni

Ramazani kapatikana. Kamera ni nzima! Nikamwambia ataje dola themanini. Jioni akapiga tena. Kuna mtu mwingine anaitaka, kaweka mia moja.

Nikamwambia aongeze.

Jumamosi, 8 Juni

Mama Feza naye kapiga. Kuna mtu kampita. Huyo lazima ni mchimbaji wa Salamabila. Mwenye dhahabu hajui bei ya kitu. Namchukia mtu nisiyemjua. Nimewaambia wote wawili waongeze. Mume wangu kaniuliza kwa nini nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumapili, 9 Juni

Mia na hamsini. Mia na themanini. Kanisani sikusikia neno.

Mchana Mama Feza kaniambia amemwona adui yetu kwa macho yake. Kijana mrefu, kofia nyekundu, kiti cha pikipiki kimevikwa ngozi ya mbuzi.

Ngozi hiyo niliishona mimi.

Nikakaa chini. Mchimbaji ni mimi. Nimewapigia wote waache, warudi.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda mwenyewe. Mwili mzima unauma kwa barabara.

Papa Salumu alikuwa amekaa barazani, kamera mezani. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniambia watu wawili wamekuja wiki moja kupiga picha ya ukuta wake mweupe, na jambo hilo Kabambare nzima alimfundisha mtu mmoja tu. Akawaacha waongeze, aone nitakaa mbali hadi lini.

Nikauliza bei.

"Bei iko ile yako, madame. Ni weye uliipandisha. Ungekuja kama mutoto, ningekupa kwa ile themanini. Ulinifanya mutu wa soko."

Nikalipa mia na themanini. Malipo ya mwanzo ya arusi yote yamekwisha hapo. Nilikuwa na neno la kumwambia, lilikuwa mdomoni kabisa. Nikaomba chaja. Akasema mtu wa soko huuza kilicho mezani.

Madame. Njia nzima nalisikia hilo.

Alhamisi, 13 Juni

Soko zima la Kasongo hakuna chaja inayoingia. Betri ni moja, imejaa. Siiwashi kamera hata kuitazama. Naona aibu, kisha naona hasira, kisha aibu tena.

Jumamosi, 15 Juni

Arusi imepita. Sikutumia flashi nje. Sikuangalia picha hata moja. Bibi arusi, wakwe, keki, zawadi. Betri ilikata wazee walipoanza kucheza. Nikaendelea kuinama na kubonyeza, wao wakaendelea kunipigia pozi. Mungu anisamehe.

Jioni nimetia kadi kwenye kompyuta ya jirani. Picha zilizopo ni nzuri. Nzuri sana. Nilitaka kumwonyesha mtu mmoja.

Jumanne, 18 Juni

Ramazani alipeleka abiria Kabambare, karudi leo. Kaniletea kifurushi. Kitambaa cha kufutia lenzi, kile kile cha bluu alichokuwa nacho Papa Salumu aliponifundisha, na ndani yake chaja. Nikauliza ni bei gani. Hakuna bei.

"Alisema, mwambie mutoto asilaze betri tupu."

Nikamwomba arudie. Akarudia, akanitazama, akaenda zake kuosha vumbi la njia.

Nimeichomeka kwenye umeme wa jua wa jirani. Taa yake ndogo nyekundu inawaka. Mteja kaingia, anataka picha ya mtoto. Nimemwambia akae, tusubiri kidogo.