Njia ya Theluji Uliyonipitisha, Raya

Mwanangu Raya,

Tangu asubuhi nimekupigia mara saba, hupatikani. Jana ulinambia unakwenda tena kwenye mlima ule ule. Hapa Matrah, Maskati, majirani wameanika mazulia juani, nami nimejifunika shali, natetemeka.

Unaikumbuka wadi ya njia ya Yiti, ule mto mkavu unaofurika ghafla mvua ikinyesha milimani? Ulikuwa na miaka sita, umevaa gauni jipya la kuendea harusini, na wadi ikashuka mbele yetu. Maji hayakufika hata magotini. Babako, Mungu amrehemu, akazima gari. Ukalia, "Baba, mbona wenzetu wanavuka?" Akakujibu, "Wao wana haraka. Mimi nna mtoto." Harusi tukaikosa.

Nilipokuja Norwe kukutembelea msimu wa baridi uliopita, ulitaka nikione unachokipenda. Ulinieleza unavyopanda milima ya mbali kwa skii, zile mbao za kutelezea miguuni, hatua kwa hatua, kisha ukateremka juu ya theluji ambayo haijaguswa na mtu. Mlima wenyewe niliujengea hofu tangu Maskati. Njia ya kuufikia sikuifikiria.

Tulikuta kizuizi kimeshushwa, magari kumi na mbili yamejipanga pamoja na letu, yanangoja kuongozwa na gari la kusukuma theluji. Dereva wake, mzee mwenye ndevu nyeupe, alipita dirisha hadi dirisha akiuliza watu wanakwenda wapi. Ukamtajia mlima wako. Akatikisa kichwa. Ukanitafsiria: njia ya pembeni inayokwenda huko haijasafishwa, tumfuate mpaka ng'ambo ya milima, tusitoke kwenye msafara. Ukamwitikia. Ulipopandisha kioo ukanambia, "Mama, ni mita mia tatu tu. Nnaijua."

Nlitaka kusema turudi. Lakini ulikuwa umefurahi mno, nami nikaona haya kuwa mama mwoga aliyetoka nchi ya joto. Nikafunga mkanda tu.

Kwenye njia panda ukakata kulia. Taa za wenzetu zikapotea, na gari likazama. Ukarudi rivasi, magurudumu yakazunguka bure. Upepo ulivuma hata pua ya gari sikuiona. Ukashika mlango utoke ukachimbe.

"Usifungue!" nikakushika mkono. "Ukienda hatua mbili sikuoni tena."

"Mama, theluji ikiziba bomba la moshi, hewa itatuua humu ndani."

Basi ukazima injini, baridi ikaingia. Nikakuvua viatu nikaiweka miguu yako tumboni mwangu, chini ya sweta. Nikaanza Ayatul Kursi, nikapotea katikati, mimi niliyekusomesha wewe. Ukanambia kwa sauti ndogo, "Mama, nisamehe." Hapo ndipo nlipoogopa kweli, kwa sababu wewe si mtu wa kuomba radhi. Nikajua na wewe umeshakata tamaa.

Yule mzee alipofika ng'ambo alihesabu magari, akapata kumi na moja. Akageuka kututafuta. Tulisikia chuma kikikwangua barafu kabla hatujaona taa. Hakutugombeza. Alitumiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa yake, akangoja mpaka tukaimaliza.

Ndani ya ndege niliapa sitowaambia ndugu zako, na sijawaambia. Ila usingizi wangu haujarudi sawasawa. Nikilala naisikia ile baridi inapanda miguuni.

Nimefika hapa kwenye barua, simu imelia. Ujumbe wako: "Mama, njia imefungwa. Nimegeuza. Huku hakukuwa na mtandao." Alhamdulillahi. Nimelia mpaka shangazi yako akaja mbio kutoka jikoni, nikamdanganya kwamba ni macho tu.

Lakini nakujua. Kesho wakiifungua, utakwenda. Sikukatazi mlima, nimeiona furaha yako, na sina haki ya kuizima. Nnachokuomba, mtu wa njia akikwambia hapapitiki, mwamini. Wenzako garini wakikucheka, waache wacheke.

Na wewe nisamehe. Siku ile hofu yangu ilifika kabla ya yako, nikaificha. Ningefungua mdomo pale kwenye kizuizi, najua ungenisikia, maana hujawahi kunikatalia neno nililolisema kwa machozi. Sasa nalisema, nikiwa mbali hivi: nnaogopa, Raya. Nnaogopa mno, wala sioni haya tena.

Mimi mamako,
niliyekaa na simu mkononi