Wodi Aliyolazwa Severini

S.L.P. 47,
Ifakara.
18 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Tekla,

Shikamoo. U hali gani huko Tabora? Miguu imeacha kuvimba? Sisi tunapumua, watoto wanakula, na mpunga tumeshauingiza ndani. Ila mkono wangu wa kushoto umefungwa bandeji, hata karatasi siwezi kuishika isikimbie. Bora nikueleze mwenyewe kabla hujasikia ya mitaani.

Unajua kazi yangu pale kituo cha afya: kutunza majalada ya wagonjwa na kuyaingiza kwenye kompyuta. Wiki tatu zilizopita, asubuhi, aliletwa kwa bodaboda kijana mmoja, Severini. Alikuwa amekatwa panga begani, mfupa unaonekana. Waligombea mpaka wa shamba na jirani yake, Lukelo. Nikamwandikisha, akalazwa.

Haikupita saa moja, Lukelo mwenyewe akaingia ofisini kwangu, panga mkononi, shati lote damu.

"Dada, Severini yuko wodi gani?"

"Habari za mgonjwa sitoi, kaka."

"Fungua hiyo kompyuta nione!"

Nikaizima. Usidhani nilikuwa shujaa, Shangazi. Macho yangu yalikuwa yanatafuta mlango. Aliipiga ile kompyuta ikapasuka. Pigo la pili nililikinga kwa mkono. Vidole viwili vikabaki juu ya meza.

Ponsiano, mlinzi wetu, alimwangusha kwa benchi. Ndugu wa wagonjwa wakamburuta nje, wakampiga mawe na mateke hadi mbavu zikavunjika. Polisi walimwokoa akiwa hajitambui, wakamrudisha ndani kwetu atibiwe.

Mimi nilikuwa nashonwa kitanda cha pili. Nikamwona nesi Devota akivuta penisilini kwa bomba la sindano amchome Lukelo, kompyuta imekufa, hana pa kuangalia kumbukumbu zake. Jalada la Lukelo nililiingiza kwa mkono wangu mwezi wa tatu. Penisilini ilikaribia kumuua akiwa mtoto.

Nilinyamaza. Nakuambia ukweli, Shangazi, nilimtazama yule mtu nikanyamaza.

Kisha nikasikia sauti yangu: "Devota, usimchome! Hiyo dawa inamdhuru!"

Akabadilishiwa dawa. Sasa yuko mahabusu, anasubiri kesi. Severini amepona, ila mkono haunyanyuki. Mume wangu Faustino anataka niache kazi. Nimemwambia nitarudi Jumatatu, tumenuniana siku mbili.

Jana alikuja mama yake Lukelo, kwa miguu, na kuku kwapani. Alipiga magoti mlangoni akalia. Sikumwambia nimemsamehe mwanawe, maana bado. Nilimnyanyua kwa mkono huu mmoja, nikampa kiti na kikombe cha uji, tukakaa pamoja hadi uji ukapoa.

Nisalimie Mjomba Agapiti na dada Paskalina. Mungu akutangulie katika kila hatua, akuepushe na hasira za watu.

Mimi mwanao, nikupendaye kwa moyo wote,
Yosefina