Pakiti ya Kijani Mdomoni mwa Feni

Pei-shan, shoga, nusura nife!

Zile diski mbili za kompyuta nilizochagua wiki nzima, nikazinunulia na feni ya kuzipoza, leo zimechemka mpaka kompyuta inapiga kelele. Na picha zote za harusi ya mdogo wangu Su-fen zimo humo!

Nafungua kasha. Mdomoni kabisa mwa feni, pakiti ya bisi za nazi. Ile ya kijani, ya bahati ya mashine!

Mama mkwe hana hata habari: "Si ofisini kwenu mnaziweka juu ya mashine ili zisilete ukaidi? Mimi nimeiweka karibu na roho yake."

Karibu na roho yake, Pei-shan!

Nimeitoa, joto likaanza kushuka. Mama mkwe akatabasamu: "Umeona pakiti inavyofanya kazi?"

Nimeiweka juu ya kasha. Kuitupa sithubutu.